Ukurasa wa pili

Juzi binti yangu mdogo alikuwa amejilaza mkekani anasilabisha, "ba-ta, bata," mara akainua kichwa akamuuliza kaka yake, "Wewe nani alikufundisha kusoma?" Nilikuwa nachambua mchele. Mikono ikasimama juu ya ungo.

Mwaka 2016, kijana yuko darasa la pili, bado tunakaa Mabibo. Macho tulishapima, masikio tulishapima, mazima yote. Mwalimu wake, na ule umati wa watoto darasani, neno lake lilikuwa moja tu: mzito. Shangazi zake wakasema mvivu, nimemdekeza. Vikao vya wazazi nilikuwa nakaa nyuma kabisa, natoka kabla majina hayajaanza kutajwa. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, nilijiambia kila usiku, sasa mtoto anashindwaje kutofautisha ba na da?

Basi jioni hiyo umeme umekatika, tumewasha mshumaa, akasoma ukurasa mzima. Mzima! Hadithi ya sungura kisimani, hajakwama hata mara moja, kidole kinatembea chini ya mistari. Koo likanikaba kwa furaha. Nikataka nisikie zaidi, nikafunua ukurasa wa pili, nikamwambia endelea baba. Akaanza upya hadithi ileile. Kidole kinapita chini ya maneno mengine kabisa, pembeni kuna picha ya mwembe, mdomo unasema sungura, sungura. Nikakitazama kile kidole. Kucha imetafunwa hadi kwenye nyama, kimekakamaa kama kijiti, kinatetemeka kidogo. Hakuwa anasoma. Alikuwa amekariri kwa kuwasikiliza wenzake wakisoma kwa pamoja darasani, na alipumua palepale wanapopumulia wote.

Nilimpiga kofi.

Hakulia. Alirudisha kidole mwanzo wa ukurasa, akaniuliza taratibu, "Nianze tena, mama?"

Mtoto wa miaka minane ameibeba hadithi nzima kichwani ili mama yake afurahi, na mimi nilichokiona ni uongo. Usiku ule nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma hadi mbu waliponishinda. Sikuwa na hasira naye tena. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba kuna siku natamani isifike saa ya daftari.

Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa elimu maalumu, aliyesomea chuo cha ualimu cha Patandi kule Arusha, ndiye aliyenitajia neno disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika usiotokana na uvivu. Akanifundisha kumwandikisha herufi kwenye mchanga kwa kidole, kuzifinyanga kwa udongo, dakika kumi kwa siku na tuishie hapo, hata kama mimi bado nataka. Darasa la nne alirudia. Leo anasoma, polepole, na kidole bado kiko chini ya mstari.

"Mama ndiye alinifundisha," akamjibu mdogo wake, bila kuinua macho kwenye viatu alivyokuwa anavipiga kiwi. Kisha akaongeza, "Jioni, kwa mshumaa."

Sijui kama lile kofi amelisahau au amenisitiri. Sikumuuliza. Nikarudi kwenye ungo, nikaanza kuchambua mchele niliokwisha kuuchambua.