Vesuvio bila mtembezaji: anzia kwenye saa ya tiketi

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Malindi. Asubuhi magofu ya Gede, jioni korongo la Marafa, siku nyingine nawapeleka Ngomeni wakaone ile mitambo ya Wataliano iliyosimama baharini tangu miaka ya 60, iliyokuwa ikirusha setilaiti. Kwa hiyo nilipokwenda kumtembelea dada yangu aliyeolewa Torre del Greco, karibu na Napoli, niliapa kwamba sitatembezwa na mtu. Yaani mimi huyu nilipe mtu anionyeshe mlima ninaouona nikipiga mswaki?

Tangu nirudi, kila mwenye ndugu kule ananisimamisha njiani kuniuliza jinsi ya kupanda Vesuvio, ile volkano ya Napoli, bila mtembezaji, na Malindi hii wenye ndugu Italia si haba. Bora niandike mara moja.

Kwanza toeni hofu ya kupanda. Ncha ya Vesuvio iko mita 1,281 juu ya bahari, na njia ya wageni haifiki hata huko, inaishia kwenye ukingo wa kasoko, yaani lile shimo la volkano. Basi linakufikisha mpaka mita 1,000. Kinachobaki ni mwinuko wa nusu saa hivi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Aliyewahi kupanda Longonot, mita 2,776, akazunguka ule ukingo wote na jua la Naivasha kichwani, atacheka.

Kazi yenyewe ni saa. Tiketi ya kasoko, wao wanaiita Gran Cono, inauzwa mtandaoni tu, na kila tiketi ina saa yake ya kuingia. Pale juu hakuna dirisha la tiketi, wala usidhani utanunua kwa simu ukishafika, maana netiweki ya mlimani ni ya kubahatisha. Niliwaona watu wameshuka kwenye gari, wamevaa viatu vizuri vya kupandia, simu zimeinuliwa hewani kama wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Aliyenunua mapema anapita, anawaacha palepale.

Sasa mimi nikipanga safari ya mgeni huanzia hotelini: tutaamka saa ngapi, tutakunywa chai saa ngapi. Kwa Vesuvio nilipanga kinyumenyume. Nilianza na saa ya lango, nikarudi nyuma mpaka kitandani. Tuseme tiketi ni ya 11:00, yaani saa tano asubuhi kwa hesabu yetu. Langoni uwe umefika robo saa kabla. Kutoka Ercolano mjini mpaka juu, basi dogo linakula nusu saa au dakika 40, maana barabara ni ya kona tupu. Ongeza muda wa kusubiri basi lijae. Ongeza treni: kutoka Napoli kituo cha Garibaldi unapanda Circumvesuviana ya kwenda Sorrento, unashuka Ercolano Scavi, kama dakika 20. Ukijumlisha, wa Napoli anatakiwa awe kituoni saa tatu kasoro robo hivi, na sitaki kusikia mtu anasema saa tatu na nusu inatosha. Sisi kwa dada tulikuwa vituo vichache tu kutoka hapo, na bado tulitoka mapema.

Kwa nini si zamu ya kwanza kabisa ya asubuhi? Ndiyo inayosifiwa, na kweli watu huwa wachache. Lakini ukitegemea treni na basi, zamu ya kwanza inakuweka roho juu safari nzima. Zamu hiyo ni ya mwenye gari, na yeye pia ana sharti lake: maegesho ya juu yanawekwa nafasi mtandaoni vilevile. Mimi saa tano ilinifaa kwa sababu nyingine pia. Nilijua nitakuwa nimeshuka kwa wakati wa adhuhuri, na Oktoba adhuhuri ya Napoli inaingia karibu saa saba.

Jambo la basi lisikuponyoke. Mbele ya kituo cha Ercolano utapokewa na wauza safari, na hapo nilijisikia nyumbani kabisa, ni vijana wa ufukweni wa Silversands walewale, lugha tu tofauti. Usiwachukie, wako kazini. Ila nauli ya basi ni kitu kimoja na tiketi ya mlima ni kitu kingine, na wakati mwingine vinauzwa pamoja. Uliza waziwazi: humu mna tiketi ya kuingia, na ni ya saa ngapi? Kama unayo yako tayari, mwonyeshe saa iliyoandikwa, akuambie kama basi lake litaiwahi. Na muulize pia anarudi saa ngapi, maana juu unakaa kwa muda wa basi, si kwa muda wako.

Malipo niliyafanya hapahapa Malindi, kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Tiketi ilikuwa yuro 10 na ushee. Hifadhi picha yake ndani ya simu, au ichapishe kabisa pale kwa jamaa wa saibakafe, usitegemee kufungua barua pepe mlimani. Kuhusu viza sina mengi: ada ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, kwa mtu mzima ni yuro 90, bima ya safari isipungue yuro 30,000, barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji, na maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Tiketi ya volkano msiinunue kabla pasipoti haijarudi mkononi. Hata ikisharudi, kama si msimu wa watu wengi, subirini muone hali ya hewa inavyokuja. Upepo ukizidi au ukungu ukishuka, njia hufungwa. Wekeni siku ya akiba.

Tulipanda mimi na mpwa wangu, mtoto wa dada, ana umri wa kubishana na kila kitu. Njia ni pana, ina ua wa mbao upande wa bonde, na chini ni changarawe ya volkano, nyekundu ikichanganyika na kijivu. Ukikanyaga, nusu ya hatua inarudi nyuma. Vikokoto vinaingia kwenye kiatu hata ufunge kamba vipi. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja kavaa ndara za dhahabu, kila baada ya kona anasimama, anavua, anakung'uta, anavaa. Ndara acheni Malindi. Sweta bebeni hata kama chini ni joto, manake upepo wa juu hauna adabu.

Ukipinda kona ya mwisho unaona shimo. Upana wake kama mita 450, kina kama mita 300, na kuta zimepangana matabaka ya rangi, za kahawia, za kijivu, nyekundu kidogo. Niliikumbuka Marafa palepale. Na nikacheka peke yangu, maana Marafa, ambako wageni wamepabandika jina la jiko la jehanamu, hapajawahi kuwaka moto hata siku moja. Pale ni mvua na upepo vimechonga mchanga. Huku moto wa kweli ulikopita, wameweka kibanda cha kuuza soda.

"Mjomba, ndiyo hii tu?"

Mpwa wangu alitaka lava nyekundu. Nikamwonyesha ukutani, upande wa pili, uzi mwembamba wa mvuke unatoka kwenye ufa wa mwamba. Ukiutazama haraka utasema ni vumbi. Ukitulia unaona hauishi, unatoka, unapotea, unatoka. Mlima huu ulilipuka mara ya mwisho Machi 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Lava iliteremka ikaumeza mji wa San Sebastiano, na majivu yakaharibu ndege za kivita za Wamarekani zilizokuwa zimeegeshwa karibu na Terzigno. Baada ya hapo mlango ukajifunga. Ndiyo maana unaweza kusimama juu yake ukila biskuti. Nikamwambia hayo, akaniuliza kama umejifunga kwa ufunguo. Nikamwambia wako wanaoukagua: kituo cha kuuchunguza Vesuvio kilianzishwa 1841, hakuna kituo cha volkano kikongwe kuliko hicho duniani, na mitambo yao inausikiliza usiku na mchana.

Kwa upande wa bahari, siku ikiwa safi, unaona ghuba yote ya Napoli, Capri kushoto, Ischia mbali kule kulia. Na chini yako, nyumba. Hapo ndipo niliposimama muda mrefu kuliko kwenye shimo. Nyumba zimepanda mlima mpaka karibu na kiuno chake, na wa shemeji yangu ni mji mmojawapo. Miji 25 imo katika eneo wanaloliita jekundu, watu kama laki 7, na mpango wa serikali ni kuwahamisha wote kwa saa 72 dalili zikianza. Kila mji umeshatajiwa mkoa wa kuupokea. Torre del Greco yenyewe ilipitiwa na lava 1794, ikapita katikati ya mji mpaka ikaingia baharini. Wakajenga palepale, juu yake.

Shemeji yangu amezaliwa hapo na hajawahi kufika kasokoni. Nilimuuliza wakati wa chakula, akainua mabega. Sikumshangaa. Nina majirani hapa Shela wamezeeka hawajaingia Gede.

Mkishuka, msikimbilie Pompeii. Najua ndiyo yenye jina, na wauza safari wanaziunganisha mbili kwa siku moja, lakini kwa mtu anayekwenda mwenyewe naona ni kujitesa. Pompeii ni kubwa, inataka siku yake, ina kikomo cha watu 20,000 kwa siku, na tiketi yake ina jina la mtu. Nyinyi mko Ercolano tayari, basi limewashusha pale kituoni, na magofu yapo chini ya barabara ileile, mwendo wa dakika 10 kwa miguu. Kuleni kwanza. Asiyeamini nyama ya huko aagize pizza marinara, haina hata jibini: nyanya, kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni, basi.

Ercolano ya kale ilizikwa na mlipuko wa Vesuvio wa mwaka 79 baada ya Kristo, uleule ulioizika Pompeii. Unaingia kwa juu, unatazama chini shimoni, na mji uko humo, ghorofa zake zimesimama, mbao zake zimegeuka mkaa lakini zipo, mihimili, milango, hata kitanda. Tangu 2024 wageni wanaruhusiwa kushuka mpaka uliokuwa ufuo. Nilisimama pale kwenye mchanga mweusi, bahari siioni, maana majivu na matope ya mlima yalijaza pwani na maji yakasukumwa mbali. Mbele yako kuna vyumba vya matao, mabanda ya kuwekea vyombo. Ndani yake kulikutwa mifupa ya watu kama 300. Inayoonyeshwa leo ni nakala, lakini wamelazwa vilevile walivyokutwa, wamebanana, wadogo kwa wakubwa.

Wageni wenzangu walikuwa wanauliza kwa nini hawakukimbilia bara. Mtu wa pwani haulizi. Hatari ikitokea nyuma, unateremka kwenye vyombo. Na msaada wa baharini kweli uliondoka: kamanda wa manowari za Kirumi upande wa pili wa ghuba, Plinio Mkubwa, aliingiza merikebu majini kwenda kuokoa watu. Mpwa wake aliyeandika habari hiyo anasema mawe na majivu viliwazuia kufika ufuoni, wakageukia Stabiae, na kamanda akafia huko. Hawa wa kwenye mabanda hewa ya moto iliyoshuka mlimani usiku iliwakuta wangali wanangoja. Mpwa wangu, ambaye kwenye shimo alinisumbua kwa maswali, hapa alinyamaza, kisha akataka kujua kama mashua yao ilipatikana. Ilipatikana moja, imeungua, wamejenga chumba maalumu cha kuiweka.

Basi kwa siku moja mna mlima asubuhi na mji uliozikwa nao mchana, na treni ya kurudi iko mwendo mfupi tu. Angalieni tu saa za kufunga, kwa sababu kipindi cha baridi sehemu zote mbili hufunga mapema, na ukichagua zamu ya mchana mlimani, magofu utayakuta yamefungwa.

Wengi wananiuliza Agosti, kwa kuwa ndio mwezi wa likizo ya wenyeji wao. Jibu langu ni msiende Agosti kama mna hiari. Njia haina kivuli hata cha mti mmoja, Italia nzima iko likizoni, na kiangazi ndiyo majira ya moto wa msitu. Julai 2017 mlima uliungua vibaya, Agosti 2025 ukaungua tena, njia zikafungwa. Kama lazima iwe Agosti, tiketi inunueni mapema na chukueni zamu ya asubuhi. Mimi Oktoba iliniridhisha. Dada yangu anasema Mei ndiyo bora, ile miti midogo ya ginestra inatoa maua ya njano mteremko mzima. Anayetaka hiyo Mei aanze kukusanya karatasi za viza kabla ya Krismasi.