Kauri za Pwani Yetu na Pesa ya Dahomey

Maji yakipwa bamvua, ukigeuza mawe ya mwambani Jambiani, Zanzibar, utaziona kauri, makombe madogo ya baharini yenye pete ya njano mgongoni. Katikati ya karne ya 19 kauri hizi ziliondoka hapa kwa shehena nzima hadi Ouidah, bandari ya Dahomey, Benin ya leo. Huko zilikuwa pesa.

Ouidah kwanza ilikuwa ya ufalme wa Hueda, uliotawaliwa kutoka Savi. Mfalme Agaja wa Dahomey aliutwaa ufalme jirani wa Allada mwaka 1724, na mwaka 1727 akaishinda Hueda pia. Mji wa Ouidah uko kilomita chache kutoka baharini, na kabla ya kuufikia kuna wangwa wa kuvuka. Meli zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwa mitumbwi kupitia mawimbi makali. Mtumbwi ukipinduka, pipa la kauri limekwenda.

Hesabu yao ilikuwa hivi: kauri 40 ni shada moja, mashada 50 ni kichwa kimoja (2,000), vichwa 10 ni gunia (20,000). Wakia ya dhahabu ilihesabiwa kauri 32,000, yaani vichwa 16. Kwa hesabu hiyo hiyo, na hili lisifichwe, walinunuliwa wanadamu.

Kauri haipakiwi ikiwa na mdudu wake. Hufukiwa mchangani nyama ioze, kisha huoshwa na kuanikwa. Ukiharakisha, shehena nzima inanuka. Kule Dahomey mgongo ulitobolewa ili uzi upite.

Kwa muda mrefu Dahomey walitumia kauri za Maldivi, ndogo na nyepesi. Zetu ni kubwa zaidi, lakini hapa zilipatikana kwa bei ndogo sana, na wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, wakaona faida. Kampuni ya O'Swald ilifungua ofisi Zanzibar mwaka 1849. Kule Dahomey kauri hizo walinunulia mafuta ya mawese, ambayo Ulaya iliyataka kwa sabuni na mishumaa.

Hapo ndipo palipoharibika. Hadi karibu 1850 dola moja (sarafu ya fedha ya biashara) ilikuwa kichwa kimoja cha kauri. Shehena zilipozidi, dola ile ile ikadai vichwa zaidi, na kila kichwa cha kauri zetu kikawa kizito kuliko cha Maldivi. Mwenye kupeleka pesa soko la mbali alilazimika kukodi wapagazi wengi zaidi, na ujira wao ukatoka kwenye kauri zile zile walizobeba.