Usiku wa Kujibizana

Jumamosi, karibu saa sita usiku

Dada amekwenda kulala. Mimi bado niko sebuleni, televisheni imezimwa, na sauti ya Hildy Johnson, mwanamke wa kwenye filamu tuliyotazama, haijanitoka masikioni.

Nilimwekea *His Girl Friday*, filamu ya vichekesho ya mwaka 1940. Kiingereza kinampa shida, basi nikajitolea kumtafsiria huku tukitazama. Dakika tano hazikupita nikakwama. Cary Grant hajamaliza sentensi, Rosalind Russell keshaidaka na kumrudishia, simu inalia, na mtu wa tatu naye anadakia. Mwongozaji Howard Hawks alitaka hivyo hasa, maneno yapandane kama yanavyopandana watu wanapozungumza kweli. Nikasimamisha filamu, nikaeleza, nikaiachia, nikasimamisha tena. Mwisho Dada akanishika mkono. "Hebu niache nitazame, mdogo wangu. Huyu mwanamke anamuweza, naona mwenyewe."

Nimetazama vichekesho hivi vya Hollywood kwa miaka, na sijawahi kusikia mtu akivieleza vizuri hivyo. Anamuweza. Walter, anayeigizwa na Grant, ni mhariri wa gazeti; Hildy, yaani Russell, ni mwandishi wake hodari na pia mtalaka wake. Amekuja ofisini kuaga, maana treni ya saa kumi inampeleka Albany kuolewa na Bruce, wakala wa bima. Katika tamthilia ya mwaka 1928 iliyozaa filamu hii, Hildy alikuwa mwanamume. Hawks akamfanya mwanamke, na ugomvi wa kazi ukawa pia ugomvi wa mapenzi. Kila anapomjibu Walter unaona anavyozidi kuwa yeye mwenyewe. Kwa Bruce anasema polepole, anapungua.

Kuanzia katikati ya mwaka 1934 studio za Marekani zilibanwa na kanuni kali za maadili. Ya chumbani hayakuruhusiwa kuonekana, na waandishi wakauhamishia moto wote kwenye ulimi. Sikubaliani na kanuni zile, lakini nashukuru kwa ufundi uliopatikana humo. *The Lady Eve* ya Preston Sturges, ya mwaka 1941, ina kipande ninachoweza kukirudia kila wiki: Barbara Stanwyck yuko mezani melini, ameshika kioo chake kidogo, na kupitia kioo hicho anawatazama wanawake wengine wakihangaika kumnasa Henry Fonda, kijana tajiri aliyezama kitabuni. Anasimulia kila jaribio, anawasemea maneno yao, anatabiri nani atashindwa na kwa nini. Kisha Fonda anapopita, anamtegea mguu. Hawajasemezana hata neno moja, na wewe mtazamaji umekwisha kujua nani ana akili zaidi na nani atapenda kwanza.

*Bringing Up Baby* ya mwaka 1938, yenye chui, ndiyo wengi wanayoitaja kwanza. Inanichosha kidogo, kwa kuwa Katharine Hepburn anakimbia mno na Grant hapati nafasi ya kumjibu.

Filamu ya leo ilipoisha nilitegemea Dada acheke. Akauliza, "Na yule wa bima, kakosa nini?"

Nikasema hakukosa kitu, ila hawezi kujibizana. Dada akasema mwanamume anayesikiliza hadi mwisho ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Tukabishana hadi chai ikapoa. Ana haki: Bruce ni mwema, anatiwa mahabusu mara kadhaa kwa hila za Walter, na filamu haimuonei huruma hata kidogo. Nimeitazama mara nyingi bila kumpa dakika moja ya kumfikiria.

Kesho jioni nitamwekea *The Awful Truth* ya mwaka 1937. Nimemwambia kuwa Ralph Bellamy, aliyeigiza Bruce, yumo humo pia, na kwamba anaachwa. Amesema atatazama kwa ajili yake.