Presha za Jumamosi
Jamani leo nimeshinda chumba cha chini cha kanisa hapa Baltimore, Marekani, tunapima watu presha bure, sisi wanafunzi wa udaktari na madaktari weusi wa National Medical Association, kile chama walichoanzisha Atlanta 1895 sababu vyama vya wazungu viliwafungia mlango, na AMA yenyewe, kile chama kikuu cha madaktari Marekani, ilikuja kuomba radhi 2008, hebu fikiria!

Basi kaja mama mmoja wa Tanga, nikampa shikamoo, akacheka mpaka tukarudia kupima 😂 Presha 178 kwa 104, iko juu sana. Eti dawa anameza "siku kichwa kikiuma tu". Dokta anayenilea akavuta kiti akakaa naye nusu saa nzima, mi natafsiri. Kaondoka na miadi ya Jumanne, na namba yangu kaichukua.