Debe la bolti na utata wa namba 17

Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kufungua debe la bolti lililokaa chini ya bati linalovuja. Masika imenifungia ndani wikiendi hizi, nikaona niingie gereji. Naiita gereji, lakini ni banda tu nyuma ya nyumba, na gari lenyewe linalala nje. Nikavuta madebe ya rangi yaliyojaa vitu vya "hii itafaa siku moja": nati, bolti, washa, spoku za baiskeli, kitasa ambacho mlango wake siukumbuki. Za juu zilikuwa kavu. Za chini zilishikana kwa kutu, nikapigapiga debe kwa nyundo mpaka likatoka donge zima lenye umbo la debe.

Kuondoa grisi hakuhitaji akili. Unamwaga dizeli kwenye beseni kuukuu, unaziacha zilale humo, kesho yake brashi ya waya. Mafuta ya taa nayo yanatosha, ila tangu yalipopandishiwa kodi mwaka 2011 ili watu waache kuchakachua dizeli, sioni sababu ya kuyanunua.

Kutu ndiyo kazi. Siki ya jikoni inaila kwa usiku mmoja, lakini haichagui: inakula na ile zinki inayong'aa juu ya bolti mpya. Na ukizitoa kwenye siki ukaenda kunywa chai, unarudi zimeanza kuwa za njano upya. Dawa yake ni kuzichovya mara moja kwenye maji ya magadi, haya haya ya kupikia kiburu, kisha kuzisuuza, kuzikausha na kuzipaka oili. Nilifanya hivyo kwa fungu la kwanza.

Fungu lililobaki nimelitia kwenye molasi. Huku Moshi molasi si kitu cha kutafuta kwa tochi, kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo Arusha Chini na wenye ng'ombe wanainunua kuchanganyia majani. Nikachanganya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaisahau kwa makusudi. Inachukua wiki moja, mbili, hata zaidi. Inanuka kama mbege iliyopitiliza, na mke wangu amenihamishia ndoo mbali na dirisha la jiko. Lakini inaondoa kutu na chuma kizima inakiacha karibu kama kilivyo, jambo ambalo siki haiwezi. Usitie humo kitu cha aluminiamu tu.

Kutu ikiisha ndipo bolti inaanza kuongea. Niliikuta moja ndefu, nyeusi, nikaisugua kichwa kwa msasa: 8.8. Ile 8 ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kuivuta mpaka ikatike, niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Ya pili inasema kwamba ukifika asilimia 80 ya hapo inaanza kuvutika na hairudi tena urefu wake. Za Toyota nyingi zina namba moja tu kichwani, 4 au 7. Zisizo na kitu chochote nazifungia rafu na geti, basi. Zilizoandikwa 10.9 na 12.9 sizitii kwenye siki kabisa, wala kwenye ile tindikali ya betri ambayo mafundi wengine wanaipenda, kwa sababu haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu namna hiyo na bolti inaweza kukatika ghafla ikiwa imeshakazwa. Na za breki au usukani zikiwa na kutu, hata zing'ae vipi baadaye, sizirudishi kwenye gari la mtu.

Kwenye kupanga ndipo nilipobishana na jirani yangu, fundi wa magari. Alisimama mlangoni akiangalia vidumu vya mafuta ya kula nilivyovikata na kuvipanga mstari.

"Mangi, hii yote ya nini? We weka za 10 huku, za 12 huku, za 17 pale. Mtu akitaka ya 17, unampa."

"Fundi, ya 17 ipi?"

Maana namba hiyo ni ya spana. Bolti ya zamani ya Kijerumani yenye kipenyo cha milimita 10 inafunguliwa kwa spana ya 17. Ya Toyota yenye kipenyo cha milimita 12 nayo inafunguliwa kwa 17 hiyo hiyo. Halafu bolti mbili za milimita 10 zinaweza zisikubali nati moja, kwa sababu nyingine jino hadi jino ni milimita 1.5, na nyingi za Kijapani ni 1.25. Kwa hiyo mimi napanga kwa kipenyo kwanza, kisha nyuzi, na spana baadaye. Fundi alizigusa, akaguna, akasema yeye macho yake yanatosha. Kwake yanatosha kweli, anashika bolti mchana kutwa. Mimi nashika kalamu, nahitaji vidumu.

Kikabaki kikundi kilichogoma kuingia popote. Nati ya milimita 8 inaingia mizunguko miwili hivi, inakaba, na ukilazimisha unaua zote mbili. Hizo ni za inchi, za 5/16. Nyuzi zake ni 18 kwa inchi, na ukizitazama kwa karibu kwenye mwanga wa dirisha unaona ncha zimeviringwa kidogo, si kali kama za sasa. Ni nyuzi za Whitworth, Mwingereza aliyependekeza kipimo hicho mwaka 1841, na jino lake lina pembe ya digrii 55 badala ya 60. Nilikaa nazo mkononi nikijiuliza zimefikaje Moshi.

Jibu lilikuja kwa simu. "Shikamoo mama." "Marahaba. Baba, ile mashine inacheza tena." Mashine ya kumenyea kahawa, ya kuzungusha kwa mkono, iko Kibosho tangu enzi za babu na ilitoka Uingereza. Mafundi wameifungia bolti za milimita kwa nguvu miaka yote hii, na miaka yote hii inacheza. Za kwake zilitolewa zikatupwa kwenye debe, debe likaja kwangu na vitu vya babu.

Jumamosi napanda nazo, na nati zake, kabla msimu wa kuchuma haujafika. Tundu moja la fremu nadhani limeshalika nyuzi, hapo itabidi bolti ipite mpaka upande wa pili na kufungwa nati. Misumari iliyopinda sijaigusa wala sitaigusa, hiyo wachukue watu wa skrepa.