Mapigo 260
Mwanangu alikuwa na wiki tano. Alikataa ziwa tangu alfajiri, akapauka, akawa anahema harakaharaka. Mama mkwe akasema ni mchango. Zahanati nako wakatupa dawa ya gesi, tukarudishwa nyumbani (hadi leo nikikumbuka napandwa na hasira). Jioni nikamwekea kiganja kifuani: moyo haudundi, unatetemeka kama kifaranga mkononi.

Hospitali mashine ikasoma 260 kwa dakika. Kichanga aliyetulia huwa kama 100 hadi 160. Daktari akamwekea mfuko wa barafu na maji usoni, juu ya pua, sekunde chache tu. Nikadhani mzaha! Kumbe baridi ya ghafla huamsha neva inayopunguza kasi ya moyo. (Msijaribu nyumbani jamani.) Haikusaidia. Wakamchoma adenosini, dawa ya kukatiza mbio za moyo, mshipani, chap, ikasukumwa na maji ya chumvi hapohapo, maana nguvu yake huisha ndani ya sekunde. Mstari kwenye skrini ukalala. Roho ikanitoka. Kisha du… du… du. 140.

Sasa ana miezi saba, yuko kwenye propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, na jana kaning'ata bega.