Konseye wa komine yako, njo nani?

Uliza mutu yeyote hapa Lubumbashi, 20 desemba 2023 ulimuvotea nani. Ya prezida atakuambia mara moya, ya depite nasiyonali atakuambia na hadithi yake yote (ni shemeji, tunasalaka naye kanisa moya, alitugawia tishati), ya depite wa provense atafikiri kidogo. Sasa muulize ya konseye wa komine, ule mwenye anatusemea ku komine (kipande cha muji). Utamuona anaanza kuangalia ku paa.

Mi sibacheke, juu macini ya CENI, tume ya uchaguzi, yenyewe ilipanga bintu vile. Prezida kwanza, kisha depite nasiyonali, kisha provense, na konseye ku ekra ya mwisho kabisa. Mutu alishasimama mu jua tangu asubui, nyuma yake kuko foleni inanunguna, mbele yake sura ndogo-ndogo na manamba, anafungula ukurasa, anafungula ingine, anatafuta mutu mwenye anajua, hamuoni, basi anagusa tu penye kidole kinaangukia ili karatasi itoke aende kwake. Mama moya jirani yetu ku Katuba alituambia bila haya: "Ile ya mwisho nilimupa kijana mwenye alivaa kravati muzuri." Tulicheka mpaka machozi.

Lakini ule kijana wa kravati, kama alipita, njo mwenye sheria inamupa kazi ya kuchagula bugumestre, mukubwa wa komine. Iko mu sheria ya oktoba 2008 yenye inapanga miji na makomine: konseye banachagula bugumestre na musaidizi wake, banavote bajeti ya komine, na bana haki ya kumuita bugumestre ajieleze. Tena bakonseye ba makomine yote njo beye banachagula konsey ya muji, na ile konsey njo inachagula meri, mukubwa wa muji. Kwa hiyo ile ekra ya mwisho yenye tulipita mbio-mbio ilikuwa inabeba bugumestre na meri mu mufuko. Depite hawezi kukutengenezea kanivo (mufereji wa mayi) ya avenyu, hata kama mu kampanye aliahidi mpaka daraja. Kanivo, soko, barabara za ndani, act ya kuzaliwa ya mutoto, ndoa ya serikali, yote ile inapitiaka ku komine.

Na hapa kwetu tungepashwa kujua kuliko bote, juu siasa ya hii muji ilianzia paka mu uchaguzi wa komine.

Desemba 1957, Wabelgiji bakiwa bangali hapa, balikubali kwa mara ya kwanza batu beusi bachague bakubwa ba makomine yao. Haikuwa kila mahali: miji tatu tu, Léopoldville (leo Kinshasa), Élisabethville (njo shiye) na Jadotville (leo Likasi). Banaume tu njo balipiga kura, bamama hapana. Hapa kwetu makomine ya batu beusi ilikuwa ine: Albert, yenye leo tunaitaka Kamalondo, kisha Kenya, Katuba na Ruashi. Juu yao kulikuwa mukubwa muzungu mwenye alibakia anaangalia kila kitu, kwa hiyo usizani ilikuwa uhuru, lakini ilikuwa mara ya kwanza mutu wa Kenya anaenda kusema mi ninamutaka huyu.

Ku Léopoldville, chama ya ABAKO ilikokota karibu yote na mukubwa wayo Kasa-Vubu akakuwa bugumestre wa Dendale, ile komine leo iko na jina lake. Unaona mwenyewe njia: bugumestre, kisha myaka haifiki tatu, prezida wa inchi. Hapa kwetu ilienda ingine. Kura zilipohesabiwa, sehemu kubwa ya babugumestre bapya balikuwa batu benye familia zao zilitoka inje ya Katanga, balikuya na kazi ya kampuni na ya reli. Ilikuwa mambo ya hesabu tu, kila mutu alimuvotea ndugu yake na mu sité, makomine ya batu beusi, benye kutoka inje balikuwa bengi. Lakini bakubwa bamoya ba Katanga balishituka sana, na oktoba 1958 ikazaliwa chama yao CONAKAT, Munongo akiiongoza mbele, kisha Tshombe. Na ya 11 yulai 1960, Katanga kujitenga na Congo, kila mutoto wa hapa anajua. Ile hadithi ya benyeji na benye kuya mi siifungule hapa, kila familia ya Lubumbashi iko na kipande yake na bingine bingali na damu. Nilitaka muone kitu kimoya: yote ile ilitoka mu uchaguzi wa komine, wenye leo tunafanya na kidole kimoya huku tunaangalia saa.

Kisha Mobutu aligeuza makomine kuwa "zone", bugumestre akaitwa komisere wa zone, na kila kitu ilikuwa ndani ya MPR, chama yake. Konstitusyo ya 2006 ikatuahidi tena tutachagula beye ba chini. Tukangoja. Kalandriye ya uchaguzi ya 2015 iliandika mpaka tarehe, 25 oktoba, ikapita sawa siku ingine yote, tukaendelea na babugumestre ba kuteuliwa. 2018 tukavote bengine bote, beye hapana. Mpaka 2023, na hata ile mwaka ilikuwa mu miji mikubwa ya maprovense tu. Bandugu ba Likasi, ile Jadotville yenye ilikuwa kati ya miji tatu ya kwanza mu 1957, beye 2023 habakupata hata ekra ya kupita mbio!

Sasa, kampanye. Makomine yetu saba (Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe) ilijaa mafoto mpaka ku miti. Bakandida ba konseye balikuwa bengi kupita kiasi, kijana wa kona, mwalimu, mama wa likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu), kila mutu. Nilipenda sana ile, juu balikuwa batu ba avenyu kweli, banajua fasi gani mayi inaingiaka mu nyumba mvula ikinyesha. Shida ni sheria ya uchaguzi: ku uchaguzi wa komine, listi yenye haifikishe 10% ya kura za komine nzima haipate hata kiti kimoya. Ku provense ni 3%, ku nasiyonali ni 1%. Kwa hiyo kwenye kiti kidogo kuliko yote, njo baliweka ukuta murefu kuliko yote. Mi naona ni kinyume kabisa. Mama wa likelemba anaweza kupendwa na avenyu kumi, bakamupigia kura bote, lakini listi yake ikibakia ku 6%, zile kura hazimupe kitu, na viti vinaenda kwa mavyama makubwa yenye yalitandika majina fasi yote.

Na makuta, ni kusema pesa? Mu karatasi iko nzuri. Konstitusyo, artikle 175, inasema provense inabakia na 40% ya mapato ya inchi yenye inatokea kwake, na sheria zinasema kati ya ile, 40% ishuke kwa miji, makomine, masekta na masheferi. Haut-Katanga na migodi yake yote, fanya hesabu mwenyewe. Kusema inashuka kweli ao inashuka kwa matone, mutu mwenye anaishi hapa haitaji kuelezwa, aangalie tu barabara ya kwake kisha mvula. Kisha kuko taksi ya soko, ile ndogo ya kila siku, mama anauza tomati anatosha makuta, anapewa kakaratasi, na jioni hakuna mutu mwenye anamuambia ilifanya nini. Hapa njo konseye anapashwa kusimama, juu bajeti ni yeye anavote. Kwangu mi, konseye mwenye ataleta ile hesabu ku soko na kuisoma na sauti mbele ya bamama, hata kama hakutengeneza kanivo moya, nitamuvotea tena na nitamufanyia kampanye bila tishati.

Bengi habajue kama session za konsey ya komine ziko wazi kwa batu, isipokuwa siku konsey yenyewe inaamua kufunga mulango. Unaweza kuingia, unakaa nyuma, unasikiliza. Hauna haki ya kusema, lakini unaona nani analala na nani anauliza.

Basi bandugu, kama kuko mutu wa Ruashi, Kampemba ao kwingine mwenye alishaingia siku ya session, aniandikie hapa chini: balikuacha uingie, ao polisi wa ku mulango alikuuliza ulitumwa na nani? Na bajeti, baliisoma yote, ao balipiga tu makofi na kwenda kukunywa?